Tolkien: Profesa wa Mashairi ya Kale na Mafungu ya Mitihani



Wengi wetu tulimfahamu John Ronald Reuel Tolkien kupitia sinema. Filamu tatu za The Lord of the Rings zilitoka kati ya mwaka 2001 na 2003, na wapo vijana wa parokia wanaoweza kutaja mashujaa wake wote bila kujua kwamba aliyewatunga alikuwa mlei Mkatoliki, baba wa padre, mtu wa Misa za alfajiri. Wachache zaidi wanajua riziki yake ilitoka wapi. Kwa karibu miaka 40 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, akifundisha Kiingereza cha kale na fasihi ya Zama za Kati, na wakati wa likizo alisahihisha karatasi za mitihani ili familia ipate nyongeza.

Tumechagua kumtazama kutoka upande huo wa meza kwa sababu swali lake ni swali letu. Katika nyumba za malezi husikika manung'uniko kwamba vipindi vya Kiingereza, insha zinazorudishwa zikiwa nyekundu kwa wino ili ziandikwe upya, na mashairi ya watu waliokufa miaka mia sita iliyopita, vyote hivyo ni kuchelewesha safari ya kwenda altareni. Hakuna paroko atakayehubiri juu ya Chaucer. Manung'uniko hayo si ya kipuuzi, na maisha ya Tolkien hayayajibu kwa urahisi.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, ambako baba yake Arthur alikuwa meneja wa benki. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, alimpeleka yeye na mdogo wake Hilary Uingereza kwa mapumziko, kwa kuwa joto halikumfaa mtoto. Baba alibaki kazini, akaugua, akafariki Februari 1896 kabla hajawafuata. Mabel akabaki mjane mwenye watoto wawili na fedha kidogo, akapanga nyumba katika kijiji cha Sarehole karibu na Birmingham. Hakuwa na uwezo wa kulipa ada, hivyo aliwafundisha wanawe mwenyewe. Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, uchoraji na majina ya mimea yote yalianzia kwa mama.

Mwaka 1900 Mabel alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Ndugu zake wa Kiprotestanti walikasirika, na msaada wa fedha uliokuwa ukitoka kwao ukakatika. Miaka minne baadaye akafa kwa kisukari, akiwa na miaka 34. Insulini ilikuwa bado haijagunduliwa. Ronald, kama alivyoitwa nyumbani, alikuwa na miaka 12, na maisha yake yote alimhesabu mama yake kuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya imani, kwa maana alichakaa akihangaika kuwalea katika imani hiyo bila ndugu. Tunaosoma habari hizi tukiwa tumelipiwa ada kwa harambee za jumuiya tunaelewa kidogo uzito wake.

Kabla ya kufa, Mabel alikuwa amemteua Padre Francis Morgan wa Oratorio ya Birmingham, nyumba iliyoanzishwa na Mwenye Heri, sasa Mtakatifu, John Henry Newman, awe mlezi wa watoto. Padre huyu alikuwa na damu ya Kihispania na ya Wales, sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Urithi wa watoto haukutosha, naye akawa anaongezea kimyakimya kutoka fedha za familia yake. Asubuhi wavulana walimtumikia Misa katika Oratorio, wakanywa chai pale pale na mapadre, ndipo wakaenda shule.

Shule yenyewe ilikuwa King Edward's, Birmingham, na huko ndiko kulikotokea jambo tunalolitaka. Mwalimu wake mmoja wa Kiingereza aliitwa George Brewerton. Wakati walimu wengi walifundisha fasihi kwa vitabu vilivyokwisha kurahisishwa, Brewerton aliwasomea wavulana hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, katika Kiingereza chake chenyewe na matamshi yake ya zamani. Hebu tufikirie. Darasa la vijana wanaodhani wanajua Kiingereza, kisha mwalimu anafungua kinywa na lugha yao wenyewe inatoka ikiwa ngeni, kama vile mzee wa Pate angesimama mbele yetu na kughani utenzi wa miaka mia tatu iliyopita, nusu tunaelewa, nusu inatupita. Wengine darasani huenda walisinzia. Tolkien alishikwa. Brewerton alipoona hivyo akamwazima kitabu chake cha masomo ya kwanza ya Kianglosaksoni, yaani Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066. Kutoka hapo kijana akasoma Beowulf, kisha Sir Gawain and the Green Knight, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Kuhusu ujana wake tutasema machache. Akiwa na miaka 16 alimpenda Edith Bratt, yatima kama yeye, mwenye miaka 19, aliyekuwa akiishi nyumba moja naye ya kupanga. Padre Francis aliona masomo yanaharibika, akamkataza kuwasiliana naye mpaka afikishe miaka 21. Alitii. Usiku ule ule alipotimiza miaka 21 akamwandikia barua. Edith akajiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1914, wakafunga ndoa Machi 1916, na miezi michache baadaye bwana harusi akawa katika mahandaki ya Somme, Ufaransa. Marafiki zake wawili wa shule, Rob Gilson na Geoffrey Smith, waliuawa mwaka huo. Yeye alipona kwa sababu ya chawa: walimwambukiza homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza Novemba 1916.

Oxford alikuwa ameingia mwaka 1911 kusoma Kilatini na Kigiriki, na matokeo yake ya mwaka 1913 yalikuwa ya daraja la pili tu. Lakini karatasi moja, ya elimu ya chimbuko la lugha, ilikuwa safi kabisa. Wakuu wake wakaona, wakamshauri ahamie Kiingereza, na mwaka 1915 akatoka na daraja la kwanza. Tunalitaja hili kwa ajili ya msahihishaji asiyejulikana aliyekaa na karatasi ile na kuisoma kwa makini badala ya kujumlisha alama na kupita.

Vita vilipokwisha alifanya kazi katika ofisi ya kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akitafuta chimbuko la maneno yanayoanza na herufi W. Mwaka 1920 akaenda kufundisha Leeds, mji wa viwanda na moshi. Alikuta wanafunzi wachache waliochagua upande wa lugha ya kale. Alipoondoka idadi ilikuwa imepanda sana. Yeye na mwenzake E. V. Gordon walianzisha chama cha wanafunzi ambamo walikunywa bia, wakasoma hadithi za Iceland na kuimba nyimbo za mzaha walizozitunga kwa Kianglosaksoni. Mwaka 1925 wawili hao walichapisha toleo la Sir Gawain lenye maelezo na faharasa ya maneno, ambalo lilitumika madarasani kwa miongo mingi.

Hapa tunaomba tukae kidogo, kwa kuwa shairi hili linamhusu kila anayekaa kwenye kiti cha maungamo, upande wowote wa wavu. Liliandikwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtu ambaye jina lake limepotea, nalo limetufikia katika mswada mmoja tu wa mkono. Kwetu vina huwa mwishoni mwa vipande. Washairi wale walifunga mstari kwa sauti za mwanzo wa maneno. Hadithi yenyewe ni hii. Siku ya mwaka mpya, shujaa wa rangi ya kijani, farasi wake kijani pia, anaingia katika baraza la mfalme Arthur na kumwalika yeyote amkate shingo kwa shoka, mradi baada ya mwaka mmoja naye akubali kukatwa. Gawain anakata. Yule mtu anaokota kichwa chake, anakumbusha miadi, anaondoka. Mwaka unapokwisha Gawain anasafiri kwenda kufa, na njiani anapokelewa katika ngome moja wakati wa Noeli. Mwenyeji wake anapatana naye kwamba kila jioni kwa siku tatu watabadilishana walichokipata mchana. Mke wa mwenyeji anamjaribu Gawain siku zote tatu. Anashinda uzinzi, lakini siku ya tatu anapokea mshipi wa kijani unaosemekana kumkinga mtu na kifo, na anaahidi kuuficha. Kisha anakwenda kwa padre kuungama. Jioni hautoi mshipi.

Wataalamu wamebishana: je, maungamo yale yalikuwa halali? Mwaka 1953, katika mhadhara alioutoa Glasgow, Tolkien alisema kwamba hapo ndipo shairi zima linapogeuka, na kwamba wasomaji wengi wa zama zetu wanapita hapo haraka kwa sababu hawajui maungamo ni nini. Kwa maoni yake mshairi anatenganisha amri ya Mungu na kanuni ya mchezo. Gawain alikataa dhambi, akaungama vema, akaondoka na moyo mwepesi. Mshipi ulikuwa kosa dhidi ya mapatano ya mchezo, jambo la heshima ya mtu, la ngazi ya chini. Ndiyo maana shoka lilimchuna ngozi tu ya shingo. Si wote wanaokubaliana naye, na sisi wenyewe tumelijadili baada ya chakula cha jioni bila kufikia mwisho. Hata hivyo mtu aliyetumikia Misa tangu utotoni aliona katika mistari hiyo kitu ambacho wengi wenye elimu kubwa walikiruka.

Mwaka huo huo wa 1925 alichaguliwa profesa wa Kianglosaksoni Oxford, na tangu 1945 hadi alipostaafu mwaka 1959 akashika kiti kingine cha lugha na fasihi ya Kiingereza hapo hapo. Kanuni zilimtaka atoe mihadhara na vipindi visivyopungua 36 kwa mwaka. Katika mwaka wake wa pili alitoa 136. Hakuwa msemaji mzuri: alisema haraka, maneno yakigongana, na waliokaa nyuma walikosa mengi. Lakini akianza Beowulf ilikuwa habari nyingine. Aliingia kimya, akawatazama, kisha ghafla akapaza sauti na kuanza kughani mistari ya kwanza kwa lugha yenyewe, na ukumbi ukawa kama baraza la wazee wapiganaji wamekaa wakinywa. Mshairi W. H. Auden, aliyekuwa mwanafunzi hapo, hakusahau.

Beowulf ni shairi la mistari 3182, nalo pia limo katika mswada mmoja tu, uliounguzwa kingo na moto mwaka 1731. Shujaa anaua jini, anamuua mama wa jini, na uzeeni anakufa akipigana na joka. Kabla ya Tolkien, wasomi wengi walilichimba kama shimo la historia, wakitafuta majina ya makabila na wafalme, na kuhuzunika kwamba mshairi alipoteza muda kwa majini. Novemba 1936, mbele ya jopo la wasomi London, Tolkien aliligeuza jambo. Majini, alieleza, ndiyo kiini. Mshairi alikuwa Mkristo anayewatazama mababu zake waliokufa kabla Injili haijafika. Hawadharau, wala hadanganyi kwamba walikuwa Wakristo. Anaona ujasiri wao wa kupigana vita wasivyotumaini kushinda, anauheshimu, na anauhuzunikia.

Swali hilo halikuwa jipya. Mwaka 797 Alkuini, mwalimu mkuu katika baraza la Karolo Mkuu, aliandika barua Uingereza akilaumu kwamba mezani mwa watu wa Kanisa husikilizwa nyimbo za shujaa mpagani Ingeld, akauliza ana uhusiano gani na Kristo. Tolkien alimfahamu Alkuini vizuri, na kwa heshima yote hakumfuata. Sisi ambao majina ya mababu zetu wa vizazi vitano nyuma hayamo katika kitabu chochote cha ubatizo hatuwezi kuupita mhadhara huo kama jambo la Wazungu na mashairi yao. Mshairi yule wa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita alikaa pale pale tunapokaa tukimfikiria babu wa babu.

Sasa tufike kwenye mafungu ya karatasi. Mshahara wa profesa haukutosha. Alikuwa na watoto wanne, John, Michael, Christopher na Priscilla, madaktari wa kulipwa, na ada za shule. Kwa hiyo kila majira ya joto, wenzake wakipumzika au wakiandika vitabu, yeye alichukua mitihani ya wanafunzi wa sekondari na kuisahihisha kwa malipo. Ni kazi inayojulikana kwa kila mwalimu: majibu yaleyale, makosa yaleyale, mwandiko usiosomeka, kichwa kinauma. Siku moja karibu na mwaka 1930, nyumbani kwake Northmoor Road, alikuta mtahiniwa mmoja ameacha ukurasa mzima mtupu. Alifurahi, maana hapo hapakuwa na cha kusahihisha. Akaandika juu yake sentensi moja kuhusu kiumbe aitwaye hobbit na makazi yake ya chini ya ardhi. Hakujua hobbit ni nini. Alichukua miaka kadhaa kujua, akiwasimulia wanawe jioni, na Septemba 1937 kitabu The Hobbit kikatoka.

Katika masimulizi hayo ya jioni msahihishaji naye alipata msahihishaji. Christopher, akiwa mtoto mdogo, alimkatiza baba yake: safari iliyopita mlango wa Bilbo ulikuwa rangi nyingine, na kofia ya Thorin ilikuwa na shada la rangi nyingine. Baba alimlaani kwa kunong'ona, akavuka chumba kwenda mezani, akaandika.

Wachapishaji walitaka kitabu cha pili upesi. Alikianza Desemba 1937 na kukikamilisha mwaka 1949. Wakati wa vita karatasi ziliadimika, na sehemu kubwa ya The Lord of the Rings iliandikwa nyuma ya majibu ya mitihani ya zamani, nyuma ya wanafunzi waliofaulu na walioshindwa. Kisha akakichapa chote mwenyewe kwa taipureta iliyowekwa juu ya kitanda chumba cha juu, kwa vidole viwili, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kutumia kumi. Alichokiandika alikifuta, akakiandika upya, akarudi mwanzo jambo moja dogo lilipobadilika sura ya mbali. Kilichapishwa kwa majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955.

Tusimpambe kupita kiasi. Mazoea hayo hayo ya kusahihisha yalimfunga. Wenzake Oxford walilalamika kwamba profesa anachapisha kidogo mno, na walikuwa na haki. Toleo lake la Ancrene Wisse, mwongozo wa Zama za Kati kwa wanawake waliojitenga kwa sala katika vyumba vilivyoshikana na kanisa, lilingojewa kwa miaka mingi na kutoka mwaka 1962, amekwisha kustaafu. Kazi aliyoipenda kuliko zote, The Silmarillion, aliiandika tangu vita vya kwanza na hakuimaliza. Alilijua hilo na lilimtesa. Mwaka 1945 alitoa katika The Dublin Review, jarida la Wakatoliki, hadithi fupi ya mchoraji anayechora mti mkubwa jani kwa jani, huku majirani wakimkatiza kila mara na safari asiyoweza kuikwepa ikimkaribia. Anaitwa kabla ya kumaliza. Aliyeisoma hawezi kukosa kumwona profesa na karatasi zake, na katika hadithi hiyo muda uliochukuliwa na jirani msumbufu hauhesabiwi kuwa umepotea. Kwa maoni yetu ndiyo hadithi yake bora, ingawa tunajua vijana wa sinema watatupinga.

Uzeeni alishiriki katika Biblia ya Yerusalemu ya Kiingereza iliyotoka 1966, akifanya kazi kwenye kitabu kifupi cha Yona. Mabadiliko ya liturujia baada ya Mtaguso yalimpa shida: alikuwa amesali Kilatini tangu utoto wa Oratorio, na mjukuu wake anakumbuka jinsi babu alivyoendelea kujibu kwa Kilatini, kwa sauti, kanisa zima likijibu Kiingereza. Aliendelea kwenda Misa. Alikuwa amewafundisha wanawe kwamba hakuna duniani cha kupendwa kuliko Ekaristi, na dawa ya imani inayolegea ni kukomunika.

Edith alifariki mwaka 1971. Yeye alimfuata tarehe 2 Septemba 1973, mjini Bournemouth, akiwa na miaka 81. Misa ya mazishi iliadhimishwa katika kanisa la Headington, Oxford, alikokuwa akisali, na aliyeiongoza alikuwa mwanawe wa kwanza, Padre John. Wamezikwa pamoja Wolvercote, upande wa Wakatoliki.

Nyuma yake yalibaki masanduku ya karatasi. Christopher, yule mtoto wa rangi ya mlango, aliacha kazi ya kufundisha Oxford ili ayapange, na The Silmarillion ikatoka mwaka 1977. Ndani ya masanduku hayo mlikuwa pia na tafsiri ya Beowulf ambayo baba yake aliimaliza mwaka 1926 na hakuwahi kuitoa, kwa kuwa aliendelea kuirekebisha. Ilichapishwa mwaka 2014, na pamoja nayo maelezo aliyoyaandika kwa ajili ya wanafunzi wake wa darasani, mstari kwa mstari.